Umenunua gemu kwa Sh9,000, lakini si yako

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha PS ukingoja zamu yako, mbao yako moja imelowa jasho kiganjani, basi mimi na wewe tumesoma shule moja. Hiyo ndiyo shule niliyohitimu. Ile nyingine, ya diploma ya usimamizi wa biashara, niliiacha muhula wa tatu na mathee hajanisamehe hadi leo, kwa hivyo tuiache hapo.

Kibanda chetu kilikuwa Umoja, nyuma ya mama wa chapati. Mabati, televisheni tatu, pedi ambazo raba zake zilikuwa zimeliwa na vidole vya mtaa mzima. Mwenyewe tulimwita Mzito. Mzito alikuwa na diski moja ya PES aliyoinunua Luthuli Avenue ikiwa imeshatumika, imekwaruzwa mpaka ukiiinua kwenye mwanga unaona ramani ya matatu zote za Nairobi. Tuliicheza hiyo diski miaka minne. Ikikataa kusoma, Mzito anaipangusa kwa fulana, anaipulizia, anairudisha. Katika miaka hiyo minne hakuna mtu aliyebisha mlango kutoka Japani kumwambia kwamba muda wake umekwisha, arudishe mali.

Nimeikumbuka hiyo diski kwa sababu ya gemu nyingine kabisa, ya mbio za magari, niliyokuwa nayo kwenye simu nikiwa chuoni. Jina naliweka. Niliicheza miaka miwili. Leo soo moja, kesho soo mbili, wakati mwingine ile pesa ya kula ambayo mathee alituma akidhani nimenunua unga. Nilipojumlisha ujumbe wa M-Pesa baadaye nilipata zaidi ya Sh14,000. Nilikuwa na magari 31. Nilikuwa na marafiki ambao sijawahi kuwaona uso, mmoja wa Kisumu, mwingine wa Mombasa, tukikutana kila usiku saa nne. Halafu Jumanne moja, tangazo likatokea kwenye skrini: sava zitafungwa baada ya siku 60, asanteni kwa kuwa nasi. Siku ya 61 nilifungua nikakuta gurudumu linazunguka tu, linatafuta sava ambayo haipo. Magari 31 yameenda. Yule jamaa wa Kisumu sikuwahi kuchukua namba yake ya simu.

Najua unachofikiria. Gemu tu hiyo, bro, kuna watu hawana maji. Sawa. Lakini ngoja nikuonyeshe kwamba si mimi peke yangu niliyechezewa, na kwamba huko majuu watu wazima wenye kazi na mikopo ya nyumba wamelifikisha jambo hili hadi kwenye meza za serikali.

Mwezi Desemba 2014, kampuni ya Ufaransa inayoitwa Ubisoft ilitoa gemu ya magari, The Crew. Ilikuwa tamu. Ulipewa Marekani nzima, imepunguzwa kidogo, ukawa unaweza kuendesha kutoka New York hadi Los Angeles bila kusimama. Ungeweza kuicheza yote peke yako bila kushindana na mtu yeyote. Tatizo ni kwamba hata ukicheza peke yako, lazima gemu iwe imeunganishwa na sava za kampuni. Mwezi Desemba 2023 Ubisoft wakaitoa sokoni, na tarehe 31 Machi 2024 wakazima sava. Aliyeinunua kwenye mtandao, imekufa. Aliyekuwa na diski ndani ya kasha lake, imekufa vilevile. Hiyo diski sasa unaweza kuweka glasi ya chai juu yake. Na kama haitoshi, mwezi uliofuata wachezaji wakaanza kugundua kwamba hata ile haki ya kuiweka kwenye maktaba yao ya kidijitali imefutwa.

Hapo ndipo Mmarekani mmoja anayeitwa Ross Scott, mwenye chaneli ya YouTube ya Accursed Farms, akasema imetosha. Alianzisha kampeni ya Stop Killing Games. Hakuwa anaomba sava ziwashwe milele. Alichokuwa anataka ni kitu kidogo, na ndiyo maana nilimpenda: ukiamua kuzima gemu uliyoiuza, iache katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuendelea kuicheza. Weka toleo lisilohitaji intaneti, au waachie wachezaji njia ya kuendesha sava zao wenyewe. Basi. Umoja wa Ulaya una utaratibu ambapo raia wake wakifikisha sahihi milioni moja, Tume ya Ulaya inalazimika kulijibu suala lao rasmi. Sahihi zilianza kukusanywa tarehe 31 Julai 2024. Zilisota miezi, ikaonekana kama kampeni imekufa, halafu mwanzoni mwa Julai 2025 zikavuka milioni. Dirisha lilipofungwa mwishoni mwa mwezi huo zilikuwa zimepita milioni 1.4. Mimi na wewe hatukuweza kutia sahihi kwa sababu si raia wa Ulaya. Nilitazama zile namba zikipanda kama mtu anayetazama harusi kutoka nje ya ua.

Kampuni nazo zimejitetea, na haki tuwape. Muungano wao wa Ulaya ulisema kwamba kuachia watu sava za kibinafsi kunaleta maswali ya usalama wa data na ya nani atawajibika mtu akiweka uchafu humo, na kwamba gemu nyingi zimejengwa tangu mwanzo kuwa za mtandaoni tu. Sehemu ya hayo ni kweli. Huwezi kuchukua gemu ya watu laki moja ukaigeuza ya mtu mmoja kwa usiku mmoja. Lakini basi mbona Ubisoft hao hao, baada ya kelele za The Crew, waliahidi mwezi Septemba 2024 kuweka njia ya kucheza bila mtandao kwenye The Crew 2 na The Crew Motorfest? Ina maana inawezekana. Ilikuwa inangoja watu wakasirike.

Kuna neno moja dogo linaloficha haya yote: nunua. Kile kitufe unachobonyeza kinasema nunua, lakini ukisoma yale masharti marefu ambayo hakuna binadamu huwa anayasoma, unakuta umepewa ruhusa ya kutumia, na mwenye ruhusa anaweza kuichukua. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kufanya kazi Januari 2025, inayozuia maduka ya kidijitali kutumia neno hilo bila kukueleza waziwazi kwamba unapata leseni tu. Duka la Steam lilianza kuweka ilani kabla ya mnunuzi kulipa. Sheria hiyo haikurudishii chochote. Inakuambia ukweli tu kabla hujatoa doo, na ukweli huo peke yake ulihitaji bunge zima la jimbo.

Sasa nikupeleke Gikomba.

Shangazi yangu anauza nguo za watoto huko. Yeye ndiye mweka hazina wa chama chao, akina mama tisa. Mwanawe, binamu yangu, ana miaka 13 na ndiye anayemsaidia kutuma pesa kwa sababu macho ya shangazi hayaoni vizuri ile skrini ndogo. Kwa hivyo anaijua PIN. Wikendi moja kijana alikaa na simu, akawa anafungua paketi kwenye gemu ya mpira, anatafuta mchezaji mmoja tu. Paketi ya kwanza hapana, ya pili hapana, ya tatu karibu. Ile "karibu" ndiyo iliyomuua. Kufikia Jumapili jioni Sh6,300 za chama zilikuwa zimeondoka. Shangazi alipokuja kwangu akilia aliniuliza swali ambalo sijawahi kulijibu: "Wanasema amenunua wachezaji. Sasa wako wapi?"

Kampuni ya hiyo gemu siitaji, na hata wao hawajui kama shangazi yangu yupo duniani. Lakini utaratibu wenyewe tunaujua. Unalipa kabla hujajua unapata nini. Paketi inafunguka kwa mwanga na muziki, moyo unadunda, halafu unapewa beki wa timu ambayo hujawahi kuisikia. Tofauti yake na zile mashine za sarafu zilizokuwa zimejaa kwenye maduka ya mitaani ni ipi? Ile mashine ilikuwa na aibu kidogo, angalau ukishinda inakutemea sarafu.

EA, wanaotengeneza gemu iliyokuwa ikiitwa FIFA na ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, walichuma dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team katika mwaka wa fedha wa 2021. Hiyo ni zaidi ya Sh200 bilioni kwa dola ya sasa, na ni pesa inayotoka humo ndani, baada ya wewe kulipia gemu yenyewe. Na ukiisoma nafasi ya kumpata mchezaji wa juu kabisa, mara nyingi utakuta imeandikwa kuwa chini ya asilimia moja. Halafu Septemba ikifika gemu mpya inatoka, na kikosi ulichokijenga mwaka mzima hakivuki kwenda nacho. Unaanza upya na wachezaji wa bure kama mtoto aliyehamishwa shule.

Ubelgiji haikuzunguka. Mwaka 2018 tume yao ya kamari ilisema masanduku ya bahati yanayolipiwa pesa ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza huko zile pointi za kununulia paketi. Uholanzi walijaribu pia, wakawatoza EA faini ya Euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta. Uingereza nayo iliwaita mbele ya kamati ya bunge mwaka 2019, na mwakilishi wa kampuni akaeleza kwamba hayo si masanduku ya kamari, ni njia ya kumshangaza mchezaji, sawa na yale mayai ya chokoleti yenye zawadi ndani. Nilicheka sana nilipoisoma hiyo. Shangazi yangu pia alishangaa, lakini zawadi haikuwemo.

Hapa kwetu ukitaka kubeti ni lazima uwe umetimiza miaka 18. Ukitaka kufungua paketi, uwe na kidole.

Usidhani kelele hazisaidii, ingawa. Mwaka 2017 EA walikuwa karibu kutoa Star Wars Battlefront II. Watu walipoijaribu wakakuta kwamba kumfungua Darth Vader, jamaa ambaye yuko hadi kwenye bango la filamu, kunahitaji pointi 60,000. Wachezaji wakapiga hesabu wakapata takriban saa 40 za kucheza, au utoe pesa uharakishe. EA walijibu kwenye mtandao wa Reddit kwa lugha ya upole sana, ati nia ni mchezaji ajivunie jasho lake. Jibu hilo likapigwa kura za kukataliwa zaidi ya 600,000, likaingia Guinness kama maoni yaliyokataliwa kuliko yote katika historia ya Reddit. Bei ya Vader ikashushwa kwa asilimia 75, na saa chache kabla ya gemu kutoka rasmi tarehe 17 Novemba, ununuzi wa pesa ndani ya gemu ukasimamishwa. Baadaye waliurudisha, lakini kwa vitu vya urembo tu.

Na kuna kisa kimoja kilichonichoma kama Mkenya. Helldivers 2 ilitoka Februari 2024, bei yake kwenye kompyuta dola 40, na dunia nzima ikaipenda. Tarehe 3 Mei, Sony wakatangaza kwamba kila anayeicheza kupitia Steam lazima aunganishe akaunti ya PlayStation Network. Kwa Mmarekani hiyo ni dakika mbili. Kwetu? PSN haitambui Kenya. Ukifungua ile orodha ya nchi unapata Afrika Kusini, unateremka, unapanda tena ukidhani umepita, hatupo. Ndiyo maana karibu kila msee unayemjua mwenye PS5 ni mkazi wa Marekani au Uingereza kwenye karatasi, na anwani yake ni hoteli aliyoitafuta Google. Sasa ile gemu ikaondolewa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170, zile zisizo na PSN.

Wachezaji walifanya nini? Waliandika. Kwa siku tatu, maoni mabaya zaidi ya 200,000 yaliwekwa kwenye ukurasa wa hiyo gemu, wengi wao wakiwa watu wa nchi ambazo hazikuguswa hata kidogo. Sony wakarudi nyuma, sharti likafutwa. Kuna Mmarekani mahali fulani aliyeacha gemu anayoipenda kwa ajili ya mtu wa Nairobi, Kampala au Manila asiyemjua. Hicho kitu hakijanitoka.

Sasa bei. Mwaka 2020 kampuni kubwa zilianza kupandisha gemu mpya kutoka dola 60 hadi 70. Mwaka 2025 Nintendo wakatoa Mario Kart World kwa dola 80. Microsoft nao walitangaza The Outer Worlds 2 kwa dola 80, watu wakapiga mayowe, wakairudisha 70. Dola 70 ni zaidi ya Sh9,000. Kuna mitaa hapa mjini hiyo ni kodi ya mwezi mzima ya chumba, na choo kipo ndani. Ndiyo, gharama za kutengeneza gemu zimepanda, timu zina mamia ya watu, kazi inachukua miaka mitano. Naelewa. Lakini Larian, studio ya Ubelgiji, walitoa Baldur's Gate 3 mwaka 2023, gemu ya zaidi ya saa mia moja, bila duka lolote la kukukamua ndani yake, na ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka. Kwa hivyo mtu akikuambia haiwezekani, muulize kuhusu hiyo.

Kinachoniogopesha mimi zaidi ya bei ni diski. PS5 Pro ilipotoka Novemba 2024 ilikuwa dola 700, na mahali pa kuweka diski hapakuwepo. Unanunua hiyo sehemu kando. Huko ambako fiber iko kila nyumba labda hawahisi. Hapa, gemu ya GB100 ni bando ya kukufilisi, na diski si kumbukumbu tu, ni uchumi. Mtu ananunua mpya, anaimaliza, anaiuza Luthuli, mwingine anainunua kwa nusu bei, anaipeleka kwenye kibanda, watoto hamsini wanaicheza kwa mbao mbao. Diski moja inalisha watu wanne. Gemu ya kupakua inalisha mmoja, na haiwezi kuazimishwa, kuuzwa wala kurithiwa.

Binamu yangu sasa analipa deni. Kila Jumamosi anabeba mabunda ya shangazi kutoka stoo hadi kibandani, Sh200 kwa siku, na nilimfundisha shangazi kubadilisha PIN huku kijana akiwa amefukuzwa nje. Zile Sh6,300 tuliwaandikia wenye gemu tukiomba zirudishwe. Wakajibu baada ya siku tisa kwamba ununuzi ulikuwa halali. Akina mama wa chama walimpa shangazi hadi Desemba.

Mzito alifunga Umoja akahamia Kayole. Nilienda kumwona mwezi uliopita. Ana PS4 tatu sasa, na kwenye kona, chini ya picha ya Messi iliyofifia, ile PS3 ya zamani bado ipo. Nilimuuliza kama inawaka. Hakunijibu, akavuta kasha, akatoa ile diski, akaipangusa kwa fulana. Ilichukua kama dakika mbili kusoma. Ikasoma. Akanirushia pedi akaniambia zamu ni mbao, na kwamba hata wewe uliyeacha chuo hakuna mkopo.